Kabla Shaba Haijayeyushwa: Kutoka Anyang hadi Dandora

Katika mabanda ya vyuma chakavu yanayolizunguka jaa la Dandora jijini Nairobi, lililoanza katikati ya miaka ya 1970, shaba huthaminiwa kuliko chuma na alumini. Huwekwa kwenye mizani, ikalipiwa kwa kilo, kisha ikaelekea tanuruni. Mizani haiulizi ilikuwa chombo gani. Lakini kwa anayeandika historia, umbo lina thamani kuliko uzito, kwa kuwa ndilo linaloonyesha fundi alijifunza kwa nani.

Vyombo vya shaba vya China ya kale ni ushahidi mkubwa wa jambo hili. Wakati wa utawala wa Shang, kuanzia takriban mwaka 1600 hadi 1046 KK, shaba iliyochanganywa na bati ilisubiwa kuwa vyombo vya kuwatolea wahenga chakula na pombe. Mashuhuri kati ya vyombo hivyo ni ding, chungu chenye miguu. Umbo lake halikuzaliwa na shaba: wafinyanzi walikuwa wakitengeneza vyungu vya miguu mitatu karne nyingi kabla. Hata kalibu zilikuwa za udongo, zikiundwa vipande vipande na kuunganishwa kabla ya shaba kumiminwa.

Athari za mbali nazo zilipenya. Kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding wa Shang, lilifukuliwa mwaka 1976 huko Anyang, palipokuwa mji mkuu wa Shang. Humo, pamoja na vyombo vya ibada, mlikuwa na vioo na visu vya mtindo wa watu wa nyika za kaskazini. Kwa upande mwingine, mashimo ya Sanxingdui, mkoani Sichuan, yaliyofukuliwa mwaka 1986, yalitoa vyombo vya mtindo wa Shang vikiwa pamoja na vinyago vya macho yaliyochomoza, ambavyo Anyang havikujulikana. Wenyeji waliazima chombo, wakabaki na ibada yao.

Pwani yetu ya Kenya ilifanya vivyo hivyo. Siwa ya Lamu, pembe ya kupulizwa, ni ya shaba, na ile ya Pate ni ya pembe ya ndovu. Zote hupulizwa ubavuni, kama pembe nyingi za Afrika, lakini nakshi na maandishi yake yanatoka katika ulimwengu wa Kiislamu. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wakiongozwa na mwanaakiolojia Mark Horton katika miaka ya 1980 walipata sanamu dogo la simba wa shaba, lenye sura ya kazi za India. Mwaka 2013, kisiwani Manda, ikapatikana sarafu ya mfalme Yongle wa China, yenye tundu la mraba katikati.

Vitu hivi vimetufikia kwa sababu havikuyeyushwa. Januari 2022 serikali ya Kenya ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa, hofu ilikuwa nyaya za umeme na reli. Hofu hiyo ilikuwa ya haki, ila urithi nao unastahili ulinzi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakitambua kuwa kitu cha kale kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, isipokuwa vitabu na hati.

China kuna mfano wa ulinzi huo: mwaka 1939 wanakijiji karibu na Anyang walifukua ding yenye uzito wa zaidi ya kilo 830. Wakaizika tena ili jeshi la Japani lisiichukue, wakaitoa 1946. Leo imo katika Makumbusho ya Taifa ya China, Beijing. Waliookoa hazina hiyo walikuwa watu wa kawaida.

Basi wewe unayechambua taka Dandora, na wewe mwenye mizani: ukikutana na chombo cha shaba chenye maandishi, nakshi ngeni au sarafu yenye tundu, usikipeleke tanuruni. Wajulishe Makumbusho ya Taifa ya Kenya kwanza. Kikishayeyuka, hakuna fundi awezaye kukirudisha.