Fouga ya Sentimita 14

Ndani ya kisanduku cha Heller cha Fouga Magister hamna mengi: fremu chache za plastiki zenye vipande vya ndege, kioo chembamba cha chumba cha marubani, stika za kulowesha majini na karatasi ya maelezo. Heller ni kampuni iliyoanzia Ufaransa, mwaka 1957, na Fouga nayo ni ndege ya Ufaransa. Kwa hiyo stika zake ni za jeshi la anga la Ufaransa. Kipimo ni 1/72. Ndege yenyewe ina urefu wa mita 10 na kidogo, ya plastiki sentimita 14. Shangazi yangu anayekaa Ubelgiji ndiye aliyeniletea, pembe za kisanduku zimebonyea na plastiki imeanza kugeuka manjano. Niliiunga usiku, watoto wakiwa wamelala. Stika za Ufaransa niliziacha kisandukuni. Ubavuni nilichora kwa brashi KAT 93, namba ya Fouga ya Katanga.

Nafundisha historia katika shule ya sekondari, komini ya Mangobo, na ndege hii inakaa kwenye kabati la vitabu vyangu. Wanaoijua huniuliza: wewe mtu wa Kisangani, mji wa Lumumba, unawekaje nyumbani ndege ya Tshombe? Nawajibu kwamba hakuna chombo kidogo kuliko hiki kilichoisumbua Kongo kiasi hiki, na kijana wa mji huu asipokijua hataelewa vizuri mwaka 1961.

Tukumbuke hali ilivyokuwa: Katanga, chini ya Tshombe, ilikuwa imejitenga na Kongo. Lumumba alikamatwa mwanzoni mwa Desemba 1960 akiwa njiani kuja hapa Kisangani, wakati ule Stanleyville, ambako Gizenga, naibu wake, alikuwa ameanza kuwakusanya watu wake. Tarehe 17 Januari 1961 alipakiwa kwenye ndege ya abiria aina ya DC-4, akapelekwa Elisabethville, akauawa usiku uleule. Katanga ilitangaza kifo chake katikati ya Februari, na mwezi huohuo Fouga 3 zikafika Katanga, zikiwa zimepakiwa ndani ya ndege kubwa ya mizigo. Huku kwetu watu walikuwa kwenye matanga. Kule Katanga mafundi walikuwa wakifunga mabawa.

Fouga haikuundwa kwa vita. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1952, kazi yake kufundisha marubani: viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na injini mbili ndogo za Marboré ubavuni. Mkia wake ni wa mabawa mawili yaliyosimama mshazari, kama herufi V, na kuyaunganisha ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika modeli hii. Gundi isipokauka vizuri bawa moja hulala, na ndege yote huonekana imelewa. Wakatanga waliipa bunduki za rashasha na mabomu madogo. Wakati wa vita vya Septemba 1961 kati ya Katanga na Umoja wa Mataifa (ONU) ilikuwa imebaki moja tu inayoruka. Moja ilikuwa imeanguka, nyingine imekamatwa na wanajeshi wa ONU uwanjani Elisabethville.

Wanafunzi wangu hawaamini hapa. Ndege moja ya mafunzo imezuiaje jeshi la Umoja wa Mataifa? Jibu ni kwamba ONU ilikuwa na ndege za kubeba watu na mizigo, haikuwa na hata moja ya kivita. Ukiwa peke yako angani, bunduki mbili zinatosha. Fouga ilizipiga ndege za ONU zikiwa chini uwanjani. Ikawashambulia Waairishi wa ONU waliozingirwa Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, nao wakasalimu amri tarehe 17 Septemba. Jioni ya siku hiyohiyo Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliondoka Léopoldville kwenda kuonana na Tshombe kule Ndola. Kwa kuhofia ile Fouga, safari ilifanywa usiku, kwa njia ndefu ya kuzunguka, na redio karibu kimya. Ndege ilianguka karibu na Ndola. Watu wote 16 waliokuwamo walipoteza maisha, na Umoja wa Mataifa ungali unachunguza sababu hadi leo.

Ndipo jeti za ONU zilipokuja kwa wingi. Mnamo Oktoba Wasweden walileta Saab J 29, ile nene wanayoiita Tunnan, yaani pipa. Waethiopia walileta Sabre, Wahindi walileta Canberra. Desemba Canberra zilipiga uwanja wa Kolwezi. Mwishoni mwa 1962 Tunnan zilirudi hukohuko na kumaliza karibu kila kitu cha Katanga chenye mabawa, na Januari 1963 Tshombe akakubali kwamba kujitenga kumekwisha. Baadhi ya hizo Tunnan hazikurudi kwao. Wasweden waliziharibu wenyewe kambini Kamina, maana kuzisafirisha hakukuwa na faida. Heller ilitoa modeli ya Tunnan pia. Nikiipata nitaiweka karibu na Fouga, pua kwa pua.

Huku kwetu, jeti hizo hazikuwa na habari na sisi. Kilichoshuka Stanleyville alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964 ni C-130 za Wamarekani, ndege za mapangaboi, zikidondosha makomando wa Kibelgiji wapatao 320 juu ya uwanja wa Simi-Simi kuwatoa Wazungu waliokuwa mikononi mwa waasi wa Simba. Modeli za C-130 ziko madukani Ulaya za kila ukubwa, nami nawaheshimu wanaoziunga kwa subira. Lakini picha za juu ya visanduku huchorwa kutoka angani. Aliyekuwa chini, mama wa Tshopo aliyewafunika watoto kwa mkeka siku ile, hana kisanduku.

Kwa hiyo darasani naanza na Fouga kwa sababu inashikika. Mwanafunzi anaipokea kwa vidole viwili, anaupima mkia, anauliza nani aliilipia, nani aliirusha, nani alikufa chini yake. Hayo maswali matatu yanatutosha muhula mzima. Kisha namtuma nyumbani kwa babu yake kuuliza kuhusu Simi-Simi, na hapo ndipo ninapoumia, kwa kuwa mababu waliobaki ni wachache na picha zao zinaliwa na unyevu. Nimeona mabati ya ndege ya enzi hizo yakipimwa kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu, yaende kuyeyushwa kuwa sufuria.

Ndugu zangu wa Kisangani, mwenye picha ya Simi-Simi ya miaka ile, mwenye kitambulisho cha mzazi aliyefanya kazi pale, mwenye kipande cha bati chenye herufi hata mbili, asikiuze kwa kilo. Kipelekeni kwa walimu wa historia wa Chuo Kikuu cha Kisangani, andikeni pembeni jina la mwenye mali na mwaka, na mzee wenu aliyeona kwa macho asimulie sasa, mkiwa mmewasha simu ya kurekodi.