Jinsi hifadhidata inavyotunza maandishi ya lugha nyingi

MTU aitwaye Mũthoni akisajiliwa kwenye tarakilishi, huenda jina lake likachapishwa baadaye kama M?thoni. Wengi humlaumu karani, ilhali mara nyingi chanzo ni jinsi hifadhidata ilivyoagizwa kuweka herufi.

Tarakilishi hutunza nambari, wala si herufi. Mfumo wa ASCII, uliochapishwa Marekani mwaka wa 1963, una nafasi 128 pekee. Hizo zinatosha Kiswahili cha hati ya Kilatini, lakini si Gĩkũyũ, Kiarabu wala Kiamhari. Mfumo wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka wa 1991, ulinuia kuipa kila herufi duniani nambari yake. Nambari hizo sasa huandikwa zaidi kwa njia ya UTF-8, iliyobuniwa mwaka wa 1992 na Ken Thompson na Rob Pike. Kwayo "a" huchukua baiti moja, "ũ" mbili, herufi ya Kiamhari tatu, na vikaragosi vingi vya simu nne.

Hapo ndipo wengi walipotegwa na programu ya MySQL. Chaguo lake lililoitwa utf8 lilipokea baiti tatu tu kwa kila herufi. Lililo kamili, utf8mb4, lilikuja mwaka wa 2010.

Jedwali, programu inayoliandikia na ukurasa unaolisoma sharti vitumie mfumo mmoja. Vikitofautiana wakati wa kusoma tu, Mũthoni huonekana kama MÅ©thoni, na fundi anaweza kulirejesha. Lakini alama ya kuuliza ikishahifadhiwa, hakuna awezaye kujua iwapo ilikuwa ũ au ĩ. Jina limepotea.

Isitoshe, "ũ" yaweza kuandikwa kama herufi moja au kama "u" ikifuatwa na alama ya juu. Machoni ni sawa, ila mashine huenda isilipate jina linalotafutwa. Dawa ni kuchagua umbo moja kabla ya kuhifadhi.

Ritifaa nayo ina vituko vyake. Katika lugha ya SQL, hiyo ndiyo alama ya kufunga maandishi, hivyo programu iliyoundwa ovyo hukwama kwa Ng'ang'a. Kuifuta ni uvivu, maana Nganga ni jina jingine. Inafaa jina lipitishwe kando ya amri yenyewe.

Kwa tafsiri, usiongeze safu mpya kwa kila lugha. Tenga jedwali ambamo kila mstari una maandishi na msimbo wa lugha yake: sw kwa Kiswahili, ki kwa Gĩkũyũ, luo kwa Dholuo.