Urafiki wa Dola na Amana ya Dini

Urafiki wa dola hauna mpaka wala hauna kituo. Habari hii yaeleza jinsi urafiki huo ulivyofika hata chini ya mlima Masaba, na kile kilichosalia baada yake.

Katika miaka ya 1950 na 1960 Waarabu walikuwa na njia mbili. Misri ya Gamal Abdel Nasser ilishika njia ya utaifa na maendeleo, na mwaka 1954 ikakipiga marufuku chama cha Ikhwani. Saudia ikawapokea wengi waliokimbia, na mwaka 1962 ikaanzishwa huko Makka Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu. Marekani, mpenda mambo mapya, ikasuhubiana na Saudia, mshika ya kale, kwa kuwa wote wawili waliuchukia ukomunisti.

Uganda nayo ikagawanyika. Mwaka 1965 kilisimama chama cha NAAM, kikiongozwa na Adoko Nekyon, waziri wa Milton Obote. Waislamu wengi wa Buganda wakabaki na Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin akatwaa serikali, na wakati huo Israeli alikuwa rafiki yake. Mwezi Februari 1972 akazuru Libya. Machi Waisraeli wakafukuzwa. Novemba Mfalme Faisal akaja Uganda. Mwaka 1974 Uganda ikaingia katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, na mkutano wa Lahore ukaazimia kujenga vyuo vikuu viwili katika Afrika: kimoja Niger, kimoja Uganda.

Wako waliodhani kuwa dola ya Amin ndiyo dola ya Uislamu. Haikuwa hivyo. Waislamu nao waliuawa, miongoni mwao Shaban Nkutu wa Busoga, waziri wa zamani, mwaka 1973. Amin alipoanguka Aprili 1979, askari wa Libya waliotumwa kumwokoa hawakumfaa kitu. Yeye akakimbia, akafia Jeddah mwaka 2003. Bali Waislamu wanyonge wa magharibi ya Uganda, wasiokula naye sahani moja, waliuawa na nyumba zao kuchomwa. Deni la mtawala lililipwa na asiyekopa.

Lakini lile azimio la Lahore halikufa. Tarehe 10 Februari 1988, katika utawala wa Yoweri Museveni, Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale, safari fupi kutoka Tororo, kikiwa na wanafunzi 80. Tangu hapo kimewafunza Waislamu na wasio Waislamu, wa Uganda na wa Kenya.

Wafalme wamekufa, askari wamerudi kwao, na maadui wa jana wamepeana mikono, elimu imebaki. Basi jumuiya itakayopokea msaada wa dola yoyote na iupokee kwa shukrani, lakini isiikabidhi dola hiyo jina la dini yake, maana jina hilo ni amana. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi.