Foleni za magari Dar es Salaam

Foleni za magari Dar es Salaam ni msongamano wa vyombo vya usafiri unaotokea karibu kila siku ya kazi katika barabara za jiji hilo, ambalo ni kubwa kuliko yote nchini Tanzania. Foleni huwa kubwa zaidi asubuhi, watu wanapokwenda kazini, shuleni na sokoni, na jioni wanaporudi nyumbani. Shida zinazoambatana nayo ni kugombea nafasi katika daladala na kukosa mahali pa kuegesha gari katikati ya jiji.

Neno foleni kwa kawaida humaanisha mstari wa watu au vitu vinavyosubiri zamu. Jijini Dar es Salaam, mtu akisema tu "nimekwama kwenye foleni", hueleweka kuwa anazungumzia magari.

Sababu

Sababu ya kwanza ni ongezeko la watu. Kwa mujibu wa sensa, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na wakazi 4,364,541 mwaka 2012, na mwaka 2022 walifikia 5,383,728. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu milioni moja katika miaka kumi.

Sababu ya pili ni umbo la jiji. Dar es Salaam ilikua kuanzia bandarini, na barabara zake kuu zinatoka hapo kama vidole vinavyotoka kiganjani: Barabara ya Bagamoyo kuelekea kaskazini, Barabara ya Morogoro kuelekea magharibi, Barabara ya Nyerere kuelekea uwanja wa ndege na Pugu, na Barabara ya Kilwa kuelekea kusini. Upande wa mashariki ni bahari. Barabara ya Mandela inazikata baadhi ya barabara hizo kupitia Ubungo, Buguruni na TAZARA hadi bandarini, lakini pia inabeba malori ya mizigo ya mikoani na ya nchi jirani kama Zambia na Kongo.

Sababu ya tatu ni umbali kati ya makazi na shughuli. Ofisi nyingi ziko Posta, biashara kubwa iko Kariakoo, na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iko Upanga, ilhali makazi yameenea hadi Mbagala, Chanika, Gongo la Mboto, Mbezi na Bunju. Katika mji mdogo kama Itigi, mkoani Singida, soko, stesheni ya reli na nyumba za watu viko karibu, na mtu hufika anakokwenda kwa miguu, kwa baiskeli au kwa bodaboda. Mkazi wa Chanika anayefanya kazi Posta hana njia hiyo. Aidha, mitaa mingi ya jiji ilijengwa bila kupimwa, hivyo njia za ndani ni chache na hata safari fupi hulazimika kupitia barabara kuu.

Historia ya usafiri wa abiria

Mwaka 1974 lilianzishwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam (UDA) kwa ajili ya kuendesha mabasi ya jiji. Mabasi hayakutosha, hasa uchumi ulipoyumba na vipuri kuadimika, na watu binafsi wakaanza kubeba abiria bila kibali. Mwaka 1983 serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi. Nauli yake ilikuwa shilingi tano, na kwa kuwa sarafu ya shilingi tano iliitwa "dala", mabasi hayo yakaitwa daladala.

Tangu mwaka 2010 pikipiki za bodaboda na bajaji zimetambuliwa kisheria kuwa vyombo vya kubeba abiria. Hupenya katikati ya magari yaliyosimama na kufika mitaa isiyo na daladala, lakini nauli yake ni kubwa zaidi, na bodaboda huhusishwa na ajali nyingi.

Adha za abiria wa daladala

Kwa desturi, dereva na kondakta wa daladala hupeleka kwa mwenye gari kiasi maalumu cha fedha kila siku, kinachoitwa "hesabu". Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho kipato chao. Utaratibu huu unaeleza mengi ambayo abiria hulalamikia: gari kusubiri lijae ndipo liondoke, kupakia abiria kupita kiasi, na "kukatisha ruti", yaani kuwashusha abiria kabla ya mwisho wa safari ili gari ligeuze mapema. Kila saa inayopotea katika foleni hupunguza idadi ya safari, na hivyo hupunguza kipato cha wafanyakazi hao.

Abiria nao wana mbinu zao. Mojawapo ni "kugeuza na gari": mtu hupanda daladala inayoelekea mwisho wa ruti, akalipa nauli, kisha akabaki ndani ili arudi nayo akiwa ameketi. Hulipa nauli mara mbili na husafiri njia ndefu zaidi, lakini huepuka kugombea mlangoni.

Wanaoumia zaidi ni wanafunzi. Nauli yao ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Kwa miaka mingi imekuwa shilingi 200. Kondakta anayetafuta hesabu huona kila mwanafunzi kuwa hasara, hivyo huwazuia kupanda au huruhusu wachache tu. Shule za kata ziliongezeka baada ya kuanza kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) mwaka 2004, lakini wanafunzi wengi jijini waliendelea kusoma mbali na nyumbani. Mwanafunzi wa aina hiyo hutoka alfajiri kukiwa bado giza na kurudi usiku. Hukosa muda wa kujisomea na husinzia darasani. Wasichana wanaokaa vituoni kwa saa nyingi huwa katika hatari ya kushawishiwa na watu wazima wanaowapa lifti.

Maegesho

Gari dogo linaloletwa mjini asubuhi na mtu mmoja hutumia nafasi ya barabara wakati wa kuja na kurudi, na kati ya safari hizo hukaa limesimama kutwa nzima. Mitaa ya Posta na Kariakoo iliwekwa kabla ya magari kuwa mengi, na majengo ya ghorofa nyingi yamejengwa juu ya viwanja vilevile. Kariakoo, kando ya barabara hugombewa na magari, malori yanayoshusha bidhaa, mikokoteni na wafanyabiashara ndogondogo. Dereva anayezunguka mtaa akitafuta nafasi huongeza foleni, na anayeegesha vibaya huziba njia.

Ushuru wa maegesho ya barabarani hukusanywa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017. Msimamizi huingiza namba ya gari katika mashine ndogo, na mwenye gari hulipa kwa simu au benki kwa kutumia namba ya malipo. Deni lisipolipwa kwa wakati huongezwa faini.

Hatua zilizochukuliwa

Mwaka 2012 ilianza huduma ya treni ya abiria jijini, iliyopewa na wananchi jina la "treni ya Mwakyembe" kutokana na Harrison Mwakyembe, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi.

Mei 2016 yalianza mabasi yaendayo haraka, maarufu kama mwendokasi, yanayopita katika njia zake peke yake. Mradi unasimamiwa na wakala wa serikali uitwao DART. Awamu ya kwanza, yenye urefu wa takriban kilomita 21, inaunganisha Kimara na Kivukoni pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco. Jiji lilipata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018 kwa ajili ya mradi huo. Hata hivyo, huduma ilianza na mabasi 140 tu, na abiria wakawa wengi kuliko nafasi. Zaidi ya hayo, njia inavuka bonde la Mto Msimbazi pale Jangwani, ambako mafuriko yamesimamisha safari mara kadhaa.

Madaraja pia yamejengwa: Daraja la Nyerere la Kigamboni (2016), Daraja la Mfugale pale TAZARA (2018), Daraja la Kijazi pale Ubungo (2021) na Daraja la Tanzanite (2022). Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha, kilomita 19.2, imepanuliwa. Kwa ajili ya upanuzi huo, nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara zilibomolewa mwaka 2017.

Mwaka 2021 kituo cha mabasi ya mikoani kilihamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi, katika Kituo cha Magufuli. Mabasi makubwa yaliondoka Ubungo, lakini abiria anayetoka Itigi, Manyoni au Singida mjini na kwenda Kariakoo sasa hulazimika kupanda chombo kingine kutoka Mbezi na kuingia katika foleni ileile.

Matokeo

Daraja moja huondoa msongamano mahali lilipojengwa, lakini magari hukutana tena mbele, penye makutano yasiyo na daraja. Barabara iliyopanuliwa nayo huvutia magari zaidi. Kwa sababu hiyo, wataalamu wa mipango miji husisitiza mambo mawili kwa pamoja: vyombo vinavyobeba watu wengi katika njia zisizozibwa na magari mengine, na kusogeza shule, hospitali, masoko na ofisi karibu na makazi. Kuhamia kwa makao makuu ya serikali Dodoma, kulikoanza kwa kasi mwaka 2016, kumeondoa baadhi ya ofisi, lakini bandari na soko la Kariakoo vimebaki palepale.