Usomaji wa halijoto ya prosesa

Usomaji wa halijoto ya prosesa ni kupata kiwango cha joto la prosesa ya kompyuta kwa kutumia programu maalumu, kama vile Core Temp, HWMonitor na HWiNFO kwenye Windows, au lm-sensors kwenye Linux. Programu mbili zikiendeshwa pamoja kwenye kompyuta ileile zinaweza kuonyesha namba tofauti, kwa sababu hazisomi kihisi kimoja au hazikokotoi kwa njia moja.

Mahali pa kihisi

Prosesa za kisasa zina vihisi ndani yake, mara nyingi kimoja kwa kila kiini. Ubao mama nao unaweza kuwa na kihisi chake karibu na soketi. Hicho kiko mbali na chanzo cha joto, hivyo kwa kawaida huonyesha namba ndogo zaidi na huchelewa kufuata mabadiliko.

Prosesa za Intel

Kihisi cha ndani cha Intel hakitoi halijoto yenyewe, bali idadi ya nyuzi zilizobaki kufikia kikomo cha prosesa. Programu hutoa idadi hiyo katika kikomo. Kwa mfano, zikiwa zimebaki nyuzi 40, programu inayochukua kikomo kuwa 100 °C itaandika 60 °C. Inayochukua 85 °C itaandika 45 °C. Tatizo hili lilionekana sana kwa prosesa za Core 2, ambazo kikomo chake kilikisiwa na watunzi wa programu. Kuanzia Core i7 za mwaka 2008, kikomo husomwa kutoka kwenye prosesa yenyewe. Hata hivyo kihisi ni sahihi zaidi karibu na kikomo kuliko kompyuta inapopumzika.

Prosesa za AMD

Mwaka 2017 AMD ilieleza kwamba Ryzen 7 1700X na 1800X hutoa namba ya kuongozea feni iliyo juu ya halijoto halisi kwa 20 °C. Programu isiyoondoa nyongeza hiyo huonyesha 70 °C wakati prosesa ina 50 °C.

Kulinganisha

Ulinganisho wa haki huhitaji kihisi kilekile, kazi ileile na muda uleule wa kupima, pamoja na toleo jipya la programu linaloitambua prosesa husika. Kwa Intel, nyuzi zilizobaki kufikia kikomo ndizo za kutegemewa zaidi, kwa kuwa prosesa yenyewe hupunguza kasi inapokifikia.