Mjomba, kwa nini gari halitoki Brussels

Mjomba ameniuliza tena kwa nini simtumii gari ilhali hapa Koekelberg niko jirani na soko la magari. Si uchoyo, mjomba. Ni historia.

Soko lenyewe liko mtaa wa Heyvaert, kando ya mfereji, karibu na machinjio ya Anderlecht. Maghala yale yalikuwa ya wauza nyama. Miaka ya 1980 wafanyabiashara, wengi wao Walebanoni, wakaanza kuyageuza yadi za magari yaliyotumika. Gari hujazwa magodoro na friji kuukuu, likapelekwa bandari ya Antwerp, likaendeshwa mpaka ndani ya meli, safari ya Cotonou.

Umeona? Afrika Magharibi! Mfaransa aliwaachia kuendesha upande wa kulia, usukani kushoto, kama Ubelgiji. Sisi Mwingereza alituachia kinyume. Na tangu kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000, Kenya inataka usukani kulia na gari lisizidi miaka 8. La hapa likifika Kilindini, litaozea bandarini.

Cha kuchekesha ni Goma na Bunia. Walitawaliwa na Mbelgiji, wanaendesha kulia, lakini magari yao mengi hutoka Japani, usukani kulia! Dereva akitaka kulipita lori, abiria ndiye humwangalizia mbele.

Basi mjomba, zile pesa ulizonituma nazirudisha zote wiki hii. Yadi za magari ya Japani zimejaa hapo hapo Mombasa. Nenda na fundi wako, akague injini kwanza.