Neno na Matumizi: Samurai si upanga

Madijei wanaotutafsiria filamu wamezoea kusema, “Kachomoa samurai, kamkata!” Jamani, samurai ni mtu: askari wa tabaka la juu la Japani ya zamani, na jina lenyewe limetokana na kitenzi cha Kijapani chenye maana ya kutumikia. Alichochomoa ni katana, upanga uliopinda kidogo, wenye makali upande mmoja, unaochomekwa mshipini makali yakitazama juu. Mwaka 1876 serikali ilipiga marufuku raia kutembea nao hadharani.

Filamu ikiwa ya Kichina, hata katana tuiache. Wachina wana jian, ulionyooka na kukata pande zote mbili, na dao, wa makali upande mmoja. Huo ukiwa umepinda, kuuita kitara si kosa. Asiye na hakika aseme upanga, inatosha.